Kuro wa Kwetu na Kuro wa Kwao

Ipo nchi moja ambayo wenyeji wake huiita Kwetu, na jirani yake, ng'ambo ya mto Lwisa, huitwa Kwao. Ukivuka mto majina hugeuka: Kwao inakuwa Kwetu na Kwetu inakuwa Kwao. Jambo hilo limewahi kuleta vita viwili na mkutano mmoja wa amani. Mkutano haukufanyika, kwa kuwa pande zote mbili zilikubaliana ufanyike Kwetu, na kila ujumbe ukabaki nyumbani ukisubiri wageni.

Kwetu ilipopata uhuru iliundwa Kamati ya Kumtafuta Mnyama wa Taifa. Kamati ilitumia miezi saba kumtafuta mwenyekiti, na ilipotoka nje kumtafuta mnyama ilikuta simba, tembo, twiga na tai wameshachukuliwa na mataifa yaliyowahi kuamka. Aliyebaki ni kuro, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mwenye manyoya marefu na jasho la mafuta linalonuka kiasi kwamba hata simba humla akiwa amekosa kingine. Hata hivyo kuro alikuwa na sifa moja isiyopingika. Nyuma, kuzunguka mkia, ana duara jeupe, kama mtu aliyekalia ndoo ya chokaa.

Kwao nao walichelewa, na wakamchukua kuro huyohuyo. Tofauti ni kwamba kuro wa upande wao hana duara. Ana baka jeupe lililojaa, kama mtu aliyekalia chokaa yenyewe.

Kwa mbele, wanyama hawa wamefanana mno. Ndiyo maana nembo ya taifa la Kwetu inamwonyesha kuro kwa nyuma. Nembo hiyo iko kwenye bendera, kwenye pasipoti na kwenye kiti cha Spika. Wimbo wa taifa unapopigwa, sisi wananchi husimama wima, mkono kifuani, tukiyatazama makalio ya mnyama kwa macho yanayolengwalengwa na machozi. Mabalozi wageni hupewa semina kwanza.

Mtu aliyeithibitishia nchi kwamba duara lake si baka alikuwa Dakta Zebedayo Mkwizu, Mkuu wa Idara ya Uainishaji wa Viumbe. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, na watoto wa mtaani kwake walimwita Dakta Makalio. Hakuwahi kuwakemea. Alikuwa akijitazama kwenye kioo asubuhi, akifunga tai yenye nembo, na kukiri moyoni kwamba watoto wale walikuwa wameusoma wasifu wake vizuri kuliko Wizara.

Miaka ishirini na miwili nyuma, akiwa kijana mwenye njaa ya shahada, alitumwa mtoni Lwisa kuchunguza kama kuro wa duara na kuro wa baka ni spishi moja au mbili. Kanuni aliyofundishwa chuoni ilikuwa nyepesi: wanyama wakizaana, na watoto wao nao wakaweza kuzaa, ni spishi moja. Wasipozaana, ni mbili. Zebedayo alikaa mtoni wiki tatu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, akitoa saa mbili za chakula. Hakuwaona kuro wa pande mbili wakifanya lolote la kuandikwa. Akahitimisha kwamba hawafanyi.

Tasnifu yake ilikuwa na kurasa mia tatu na kumi. Bunge liliipigia makofi kabla halijaisoma, na baada ya makofi hapakuwa na haja tena ya kuisoma. Ikageuzwa kuwa Sheria ya Spishi, na kifungu cha nne kikatamka kwamba kuro wa Kwetu ni spishi ya peke yake, isiyozaana na nyingine yoyote, hasa ya Kwao.

*

Wiki sita kabla ya Yubilei ya miaka hamsini ya uhuru, Zebedayo alipokea barua kutoka kituo cha askari wa wanyamapori cha Lwisa.

"Kwa heshima na taadhima," barua ilisema, "nakujulisha kwamba kuro jike namba mia na kumi na nane, ambaye duara lake halikufunga kwa chini, amezaa ndama ambaye duara lake limejaa nusu. Huu ni uzazi wake wa tatu. Naomba pia mabuti, maana haya ninayovaa yalikuwa ya mtangulizi wangu, naye alikuwa na mguu mmoja mkubwa. Wako mtiifu, Sajini Nyamizi Lusato."

Zebedayo alicheka kwanza kwa ajili ya mabuti. Kisha akarudi kwenye mstari wa juu, akausoma tena, na kicheko kikamkauka mdomoni. Alimwambia karani wake kwamba anakwenda kukagua choo cha kituo cha Lwisa, akaondoka siku hiyohiyo.

Sajini Nyamizi alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, aliyefanya kazi mtoni pale miaka kumi na tisa. Alimpokea Dakta bila mbwembwe na kumpeleka alfajiri kwenye majani marefu kando ya maji.

"Lala hapo, Dakta, wasikuone. Siyo hapo, hapo pana siafu."

Zebedayo akalala, tai ikiwa shingoni. Harufu ya kuro ilikuja kabla ya kuro wenyewe. Ukungu ulipopanda juu ya maji akamwona jike mmoja anakula majani, ametulia, na nyuma yake hapakuwa na duara wala baka. Palikuwa na alama kama kwato ya farasi, nyeupe, wazi kwa chini.

"Huyo ndiye mia na kumi na nane," Nyamizi alinong'ona. "Mama yake ni wa duara. Baba yake ni wa baka, wa ng'ambo, lile dume lenye pembe iliyokatika. Huvuka maji yakipungua."

"Na huyo anayenyonya?"

"Mtoto wake. Yule mkubwa pale nyuma naye ni mtoto wake, wa kwanza. Ana mimba."

Zebedayo alihesabu kwa vidole ndani ya majani: bibi, mama, mtoto, na mjukuu tumboni. Kifungu cha nne chote kilikuwa kinacheua mbele yake.

"Wa namna hii wako wangapi, Sajini?"

"Wa kuonekana waziwazi, arobaini na watatu."

"Tangu lini?"

"Mtangulizi wangu aliwakuta. Naye alisema mtangulizi wake aliwakuta."

"Sasa mbona hamkuandika?"

Nyamizi akageuza shingo kumtazama, na macho yake hayakuwa na dharau, yalikuwa na huruma, jambo lililomuuma Zebedayo zaidi.

"Tulidhani mnajua, Dakta. Ninyi ndio mliosoma."

Zebedayo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo tu, kwamba kwa kawaida wanyama hawa hukutana saa ngapi.

"Alfajiri kama hivi," alisema Nyamizi. "Na mchana, wakiona watu wamekwenda kula."

*

Mheshimiwa Hezroni Kibodya, Waziri wa Wanyamapori na Heshima ya Taifa, alipopata taarifa ya Zebedayo aliitisha kikao cha dharura. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na aliamini kwamba sauti yake ilikuwa sehemu ya maliasili.

"Ndugu wajumbe," alisema, akisimama chini ya nembo, "leo taifa limeguswa nyuma! Miaka hamsini tumelilinda duara hili. Wazee wetu walilala njaa kwa ajili ya duara hili. Na leo ninaambiwa kwamba jike, tena jike la Serikali, lenye namba ya Serikali, limepata mimba ya nje bila kibali!"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mkuu wa Uhamiaji alipendekeza kuro wote wapewe hati za kusafiria. Mtu wa Usalama alipendekeza kafyu. Mhandisi wa Wizara, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema anayo rangi nyeupe iliyobaki kutoka kwenye ukarabati wa zahanati, na anaweza kuzifunga zile alama za kwato kwa brashi, ilimradi apatikane mtu wa kuwashika miguu.

Zebedayo akainua mkono. "Mheshimiwa, labda tukubali tu kwamba ni spishi moja."

Mpiga chapa wa kikao aliacha kupiga chapa.

"Dakta," Waziri alisema polepole, "ni wewe uliyesema ni mbili. Taifa zima lilikusikia. Unataka kulifanya taifa zima liwe halisikii vizuri?"

Mwanasheria wa Wizara akaja kuwaokoa wote. Alikuwa kijana nadhifu, na alizungumza akiwa amefumba macho.

"Tusisumbuke. Watoto wa spishi mbili huwa tasa. Mfano ni baghala, ambaye ni mtoto wa punda na farasi. Baghala hazai. Huyu mia na kumi na nane ni mtoto wa spishi mbili kwa mujibu wa kifungu cha nne. Kwa hiyo ni tasa."

"Ana watoto watatu," alisema Zebedayo.

"Kwamba anazaa, hilo hatulipingi. Ila kisheria ni tasa."

"Na hao watoto?"

"Hao kisheria hawajazaliwa."

Waziri alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi kama hawajazaliwa," alisema, "kuwaondoa si kuua."

Zebedayo alihisi uzito wa neno hilo. Kikao hakikuhisi chochote, kiliendelea. Iliamuliwa kwamba wageni wa Yubilei watapelekwa Lwisa kumwona mnyama wa taifa, na kwa hiyo wale arobaini na watatu waondolewe kwa amani kabla ya hapo, kwa kutumia bunduki kumi na mbili. Kila mmoja angehitaji Cheti cha Kutokuwa na Spishi, na mtu pekee nchini mwenye mamlaka ya kutia saini alikuwa Dakta Mkwizu.

Angeweza kukataa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa, na kila alipojiuliza alipata jibu lililomchekesha na kumtia aibu: mbele ya watu wengi vile, kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Alisaini vyeti arobaini na vitatu, kimoja kimoja, kwa mwandiko mzuri, na kwenye kila kimoja akaandika cheo chake kwa ukamilifu, hata pale ambapo nafasi haikutosha.

*

Jumamosi asubuhi, kwenye chai, mkewe alimwuliza kilichomfanya asiuguse muhogo. Mkewe aliitwa Anasia, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke asiyependa maelezo marefu.

"Nimesaini kwamba kuro mmoja ni tasa."

"Ana watoto?"

"Watatu. Na mjukuu yuko njiani."

Anasia aliweka kikombe chini akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, na Zebedayo naye akacheka, kwa kuwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha. Kisha Anasia akaiachia kanga.

"Na watafanywaje?"

"Wataondolewa."

"Zebedayo."

Siku zote alimwita Baba Upendo. Jina lake halisi alikuwa amelitumia mara mbili tu, siku ya ndoa, mbele ya padri, na siku mumewe alipoazimisha cherehani kwa mtu ambaye hakuonekana tena.

"Nilikuwa mwoga," alisema Zebedayo. "Sina maelezo mengine. Kalamu yenyewe ilikuwa nzuri."

Anasia alimenya muhogo wake taratibu. "Mimi nikiwafundisha watoto duara," alisema mwishowe, "nawaambia lisipofunga si duara, na kama upana wake unabadilikabadilika nalo si duara, ni mchoro wa mtu aliyelewa. Ninyi mmewahi kuyapima maduara yenu? Au mlihesabu tu?"

Zebedayo alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Hawakuwahi kupima. Sheria ilikuwa na jedwali nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika saa ya mwisho kabla ya kukabidhi: duara liwe limefunga pande zote, upana wa vidole vitatu kila mahali, lisiwe na doa. Alikuwa ameyatoa maelezo hayo kwenye picha moja, na sasa alikumbuka kwamba ile haikuwa picha ya kupigwa. Ilikuwa ya kuchora.

*

Siku ya kuwaondoa ilipofika, Kapteni Mtuka alipanga askari wake kumi na wawili kwenye mstari mnyoofu kando ya Lwisa. Waandishi wa habari walikuwa wamealikwa ili washuhudie amani. Kapteni alikuwa mtu wa taratibu: alikuwa na orodha ya namba arobaini na tatu, imepigwa chapa, ina muhuri. Tatizo ni kwamba namba hizo hazikuandikwa kwenye mnyama yeyote. Zilikuwa kichwani mwa Sajini Nyamizi.

"Sajini, tuonyeshe namba mia na kumi na nane."

"Huyo namjua," alisema Nyamizi. "Lakini hao wanawe na wenzao siwezi. Nimeletewa waraka kwamba hawajazaliwa. Mimi nitamwonyeshaje mtu ambaye hajazaliwa? Na mama yao waraka unasema ni tasa. Huyu ninayemwona mimi ananyonyesha. Basi siye."

Kapteni alisoma waraka, akausoma tena, akaona hoja ina mashiko. Akamgeukia Zebedayo.

"Basi Dakta atuonyeshe."

Zebedayo alikuwa amejiandaa. Mpango wake ulikuwa mdogo na wa kiujanja: angeomba kutumia jedwali la sheria, angewapima kuro wote mmoja mmoja, angekwama hapa na pale, angetafuta wawili watatu wasiofaa miongoni mwa wale wanaoitwa halisi, na mkanganyiko ungeahirisha jambo hadi baada ya Yubilei. Alisema kwa unyenyekevu kwamba sheria inataka vipimo. Neno vipimo lilimfurahisha Kapteni, akatoa darubini ya jeshi yenye mistari ya kupimia ndani ya kioo.

Wakaanza saa mbili asubuhi. Zebedayo alitazama, Kapteni akaandika.

"Wa kwanza. Duara lina pengo chini ya mkia."

"Hafai," aliandika Kapteni.

"Wa pili. Vidole vitatu kushoto, kulia viwili."

"Hafai."

"Wa tatu limefunga. Ila lina doa."

Kufikia saa tano Zebedayo alianza kutoka jasho. Kufikia saa nane alikuwa ameacha ujanja wote na kutazama kwa bidii ya kweli, akitafuta walau mmoja, akiomba apatikane mmoja. Duara moja lilinenepa juu, jingine likakonda chini, jingine lilikuwa na mstari uliochungulia kuelekea kwenye baka. Hata lile dume kuu ambalo picha yake ilikuwa kwenye stempu lilikuwa na ukingo uliomwagika upande mmoja. Alipima kuro mia mbili na kumi na mmoja. Alikuwa amekuja kusema uongo mdogo kwa nia njema, na hakukuwa na nafasi ya kuusema.

"Kwa hiyo wa kuondolewa ni wangapi?" Kapteni aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

"Wote."

"Wote hao machotara?"

"Wote wa Kwetu, Kapteni. Hayupo hata mmoja anayetimiza sheria. Na ukiniruhusu kuigeuza darubini ng'ambo, wengi wa Kwao baka lao lina kitundu katikati."

Kapteni alizitazama bunduki zake kumi na mbili, akawatazama wanyama mia mbili na zaidi, kisha akatazama nembo kwenye kofia yake. "Nikiwaondoa wote," alisema kwa sauti ya chini, "sisi tutakuwa tunampigia saluti nani?" Akachukua redio na kumwita Waziri.

*

Waziri alikuja kwa helikopta. Alitaka ishuke karibu kabisa na wanyama, ili picha iwe nzuri. Kuro walisikia ngurumo ikiwajia juu ya vichwa na wakafanya wanachofanya kuro wote duniani wakitishwa: wakakimbilia majini. Wa ng'ambo nao, wakisikia kelele, wakaingia upande wao. Wakakutana katikati ya mto, pembe na vichwa tu vikionekana, wakachanganyika, wakazunguka, na helikopta ilipozima wakaanza kutoka, wengine upande huu, wengine upande ule, wote wakiwa wameloa na kuganda matope meusi kuanzia mgongoni hadi kwatoni. Hapakuwa na duara wala baka. Palikuwa na kuro wachafu.

Waziri alishuka, akajifuta vumbi, akajikuta mbele ya vinasa sauti.

"Mheshimiwa," mwandishi mmoja aliuliza, "kuro wa Kwetu ni wepi?"

Waziri hakubabaika hata kidogo. Akanyoosha mkono kuelekea kundi lililokuwa likijikung'uta maji. "Wale pale. Tazameni wanavyotembea. Mtu yeyote mzalendo anaona heshima ile katika hatua."

"Wale wametoka ng'ambo sasa hivi, Mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Nimewaona wakiingia."

Waandishi wakaandika. Waziri akamgeukia Zebedayo, na sauti yake nzuri ikashuka hadi ikawa karibu ya kubembeleza.

"Dakta, waambie."

Zebedayo alijua kwamba alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema matope yanazuia uchunguzi, kamati ndogo ingeundwa, na yeye angekuwa mwenyekiti wake. Aliiona ile kamati waziwazi, na chai yake, na sambusa zake. Kisha mita chache kutoka hapo akamwona ndama mmoja mwenye matope akitetemeka, anapiga kelele, hajui mama yake katoka upande gani wa mto. Majike wawili walimjia, mmoja kutoka huku na mwingine kutoka kule, wakamnusa. Mmoja akamkataa, mwingine akamkubali na kuanza kumlamba. Hawakuulizana kitu.

"Ni kuro, Mheshimiwa," alisema.

"Kuro wa wapi?"

"Wa mtoni. Ni wanyama wa aina moja, wamekuwa wakizaana tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na watoto wao wanazaa. Nilikuja hapa nikiwa kijana, nikaona nilichotumwa kukiona, na muda uliobaki nilikuwa nakula. Nilichoandika wakati ule kilikuwa uvivu. Nilichosaini juzi ni uongo. Wale arobaini na watatu hawana kosa, labda wananuka tu."

Alisubiri radi. Waziri akawaambia waandishi kwamba Dakta amepigwa na jua.

*

Serikali ya Kwetu haijawahi kushindwa kutoka mahali ilipojiingiza. Baada ya wiki moja mwanasheria yule nadhifu alipata njia. Sheria ya Spishi ilikuwa sahihi, kwani ni sheria. Taifa lilikuwa sahihi, kwani ni taifa. Iliyokuwa na kasoro ni shahada ya Dakta Mkwizu, ambayo iligundulika kwamba ilitolewa kwa kazi iliyofanywa nje ya saa za kuro. Kwa hiyo kisheria hakuwahi kuwa dakta. Kwa kuwa hakuwahi kuwa dakta, vyeti arobaini na vitatu havikusainiwa na mtu yeyote, na wanyama waliotajwa humo waliwekwa kwenye kundi la "wanaosubiri kuamuliwa", ambalo ndilo kundi salama kuliko yote Kwetu. Watu wengine wamezeekea humo.

Yubilei ilifana. Wageni hawakupelekwa Lwisa, walionyeshwa filamu.

Zebedayo alishushwa cheo hadi kuwa msaidizi wa askari wa wanyamapori, kituo cha Lwisa, chini ya Sajini Nyamizi Lusato. Aliisoma barua ya uhamisho mbele ya mkewe kwa sauti ya kuhutubia, na walipofika kwenye maneno "aliyejifanya dakta kwa nia isiyojulikana" wote wawili walishindwa kuendelea. Anasia aliomba uhamisho kwenda shule ya kijiji cha karibu na mto. Alisema watoto wa kule nao wanahitaji hesabu.

Haikuwa rahisi sana, tusidanganyane. Miezi ya kwanza Zebedayo aliona haya kununua hata chumvi dukani, maana muuza duka alisikiliza redio. Siafu walimwuma. Alijifunza kuamka kabla ya jua, jambo ambalo sayansi yake haikuwahi kumdai. Na mara kadhaa, akiwa peke yake kwenye majani, alijikuta anajitambulisha kwa kuro kwa cheo chake cha zamani, kisha akaomba radhi.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, yeye na Nyamizi walilala kwenye majani wakimtazama yule mtoto wa kwanza wa mia na kumi na nane akizaa. Ndama alianguka, akalala kidogo, akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Nyamizi alitoa fomu ya Wizara na kuilaza juu ya goti. Akaandika tarehe. Akaandika jinsia: jike. Akafika kwenye safu iliyosema Aina, yenye visanduku viwili, kimoja cha Kwetu na kingine cha Kwao.

"Niweke alama wapi?" aliuliza. "Wewe ndiwe uliyesoma."

Zebedayo alisogeza majani kwa mkono. Ndama alikuwa bado ameloa, manyoya yamegandamana, nyuma haionekani kitu. Lakini alikuwa ameshapata chuchu, miguu minne imetanuka ovyo, mkia unazunguka kwa furaha.

"Andika ananyonya."

"Wataturudishia fomu."

"Watarudisha."

Nyamizi akaandika hivyo pembeni ya visanduku, kwa herufi kubwa, akaikunja fomu na kuitia mfukoni.

Fomu ilirudi kweli. Ilirudi baada ya miaka miwili, ikiwa na mihuri saba na maelezo mafupi kwamba safu ya aina haikujazwa ipasavyo, na kwamba mnyama husika azuiwe kuondoka eneo la tukio hadi itakapojazwa. Kufikia hapo ndama alikuwa jike zima. Alikuwa ameshavuka mto mara mbili, na mara ya pili hakurudi peke yake.